Papa Nahum Mwenze, Sikio la Kulia na Gego Alilotuficha

Baada ya miaka thelathini na minne katika chumba cha meno cha kituo chetu cha afya, Papa Nahum Mwenze anastaafu Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025. Nilianza kuandika wasifu huu nikicheka. Nimeuendeleza kando ya kitanda chake, nikiwa na wasiwasi tele.

Papa Nahum alizaliwa Luena, mtoto wa fundi wa reli. Alikuja Kamina kusomea uuguzi na hakuondoka tena. Vinywa vya watu wa mji huu anavijua kuliko majina yao. Ametibu wachungaji, wauza mihogo na askari wa Base, kambi ya jeshi. Mmoja wao, jitu la mtu, alizimia kabla sindano haijatolewa, na Papa Nahum akampepea kwa kofia ya kijeshi ya huyohuyo askari.

Lakini sifa yake kubwa ni masikio. Kwetu mtu akiumwa sikio, nyumbani humtilia mawese ya uvuguvugu, na wiki zinapita. Papa Nahum alitazama sikio kwanza. Likiwa na usaha, alimpeleka mgonjwa kwa daktari. Likiwa safi, alichukua kioo chake kidogo akagonga magego kwa mpini, moja baada ya jingine, mgonjwa ainue mkono panapouma. Mwalimu Rachelle alikuja akilia kwamba anakuwa kiziwi. Gego la chini lilipoguswa, aliinua mikono yote miwili. Papa Nahum alitufundisha kwamba taya na sikio vinachangia mishipa ya fahamu, ndiyo maana jino bovu huweza kuumiza sikio lililo zima kabisa.

Sasa sikieni alichofanya bwana huyu. Mwezi wa tano tulimwona anatafuna bukari, ugali wetu, upande mmoja, na kila mara anashika sikio la kulia akidhani hatumwoni. Tulipomuuliza, alijibu: "Sikio yangu iko muzuri, ni groupe njo inapiga kelele." Jenereta yenyewe ilikuwa imeharibika tangu Pasaka! Kisha mkewe, Mama Débora, akatunong'oneza kwamba mumewe analala na pamba ya mawese sikioni. Mawese! Yeye!

Kumbe aliogopa. Ameng'oa meno ya watu wote hao, lakini yeye hakuwahi kukaa kwenye kile kiti. Alipanga astaafu kwanza, kisha apande treni hadi Lubumbashi akatibiwe mbali na macho yetu. Usaha haukungoja treni. Jumatatu iliyopita alifika kazini taya limevimba, homa kali, mdomo unafunguka kwa shida. Daktari akasema uvimbe ukishuka shingoni unaweza kumziba pumzi. Niliogopa sana, sioni haya kusema. Na wa kung'oa jino alibaki mmoja tu: Lise Kapenda, muuguzi anayerithi chumba, ambaye hakuwahi kung'oa gego bila Papa Nahum kusimama nyuma yake.

Daktari alimtundikia dawa kwanza. Kisha Lise akachukua kioo, akagonga. Papa Nahum hakuinua mkono. Machozi yakamtiririka, mkono umeng'ang'ania paja.

"Papa, weye njo ulinifundisha," Lise akamwambia. "Kama hauniachie nitoe hii jino, utakufa na minyi niko naangalia."

Alifumba macho, akalegeza taya. Usaha ulitoka kwanza, kisha gego na mizizi yake yote. Lise alitoka nje akatapika.

Homa ilikataa kushuka. Tulipokezana kumlinda, tukisikiliza anavyopumua, tukiomba. Jana asubuhi ikashuka, na muda si muda akaingia mama mmoja ameshika sikio. Papa Nahum alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi, akisikia kila kitu. Sote tulingoja aite, atoe amri kama alivyozoea. Lise alitazama sikio, akagonga magego, akalipata lile bovu. Kule ndani Papa Nahum aligeukia ukutani, akalala fofofo.

Asante, Papa Nahum, kwa kazi na kwa vituko. Daktari amekuruhusu kuhudhuria sherehe, ila usihutubie. Tunakuombea afya na uzee mtamu pamoja na Mama Débora. Usiwe na wasiwasi juu yetu: chumba kina mtu.