Sauti Yenye Joto

Kwenye treni ya asubuhi, mbele yangu, bwana wa makamo alikuwa amepakata kitu kilichofunikwa blanketi la mtoto. Mama aliyeketi kando yake akauliza kwa upole, "Ana miezi mingapi?"

"Miaka hamsini na kitu," akajibu, akafunua. Ilikuwa amplifaya ya zamani, ile yenye taa za kioo zinazowaka ndani.

Mama akacheka mpaka kilemba kikalegea. Kumbe yeye hukodisha muziki wa harusi, na vyombo vyake vyote ni vya transista, vya kisasa visivyo na taa. "Kaka, hivyo vya taa vinachelewa kuamka, vinakula umeme, vinaunguza vidole. Vya nini?"

"Sauti yake ina joto, dada. Transista inaimba kama karani anayesoma tangazo."

"Joto nalitaka kwenye pasi!"

Nilijifanya nasoma gazeti, ingawa nilikuwa nimelishika juu chini.

Bwana akashusha sauti. Mkewe amehamia kwa dada yake tangu kifaa hicho kiingie chumbani, naye anakwenda kumpigia wimbo wao wa harusi, asikie tofauti, arudi.

"Na asipoisikia?"

"Ataisikia. Ana masikio mazuri sana."

"Mwenye masikio mazuri ndiye aliyekimbia!"

Treni ikasimama. Bwana akainuka kwa shida na mzigo wake, mama akakamata upande wa pili. "Mimi sishukii hapa," alisema, "lakini hilo joto lazima nilisikie mwenyewe. Na wifi akiniuliza, sikutetei."