Mashine Iliyofutwa Kwenye Rimiksi ya Sabikugi

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka dada yetu Sadayo Iwakiri, mpiga ngoma wa bendi ya Sabikugi. Amefariki hapa Osaka akiwa na miaka hamsini na minane.

Sabikugi walikuwa watu wa vituko. Walirekodi katika karakana ya baba yake Sadayo, fundi wa bolti, huku mashine ikinguruma. Jirani mmoja aliwahi kuchungulia akafoka, "Mnapiga muziki au mnabomoa nyumba?"

"Vyote viwili, mama. Karibu chai," Sadayo akamjibu.

Ngoma zake zilifuata mashine ile. Narudia: mashine ya baba ndiyo iliyomwongoza. Na kanda ya rekodi hiyo ilikuwa moja tu.

Kisha mzee akafariki, mashine ikauzwa chuma chakavu. Mwaka uliofuata bendi ikataka kutoa santuri ya rimiksi, nyimbo zilezile zikichanganywa upya, kutokana na kanda ile. Kazi akapewa mpiga gitaa, Tomonori Uesaka. Akamuuliza Sadayo anatakaje.

"Nakuachia wewe, Tomo."

Jamani, sisi tunajuana. Tunasema hivyo kwa adabu, tukitumaini mwenzetu ataelewa mwenyewe. Tomonori hakuelewa. Aliuona mngurumo ule ni uchafu, akausafisha wote. Halafu, kwa kubana matumizi, akarekodi mambo mengine juu ya kanda ileile.

Siku ya kuisikiliza santuri, Sadayo aliinama. "Imekuwa safi sana. Pole na kazi."

Hakupiga tena ngoma. Tomonori akajiambia kwamba Sadayo amechoka. Eti amechoka!

Wiki iliyopita, msibani, baada ya kufukiza uvumba, Kinue, mdogo wa marehemu, alimsogelea Tomonori. "Kaka Tomo, tuletee ile kanda ya zamani. Tunataka dada aagwe kwa mngurumo wa mashine ya baba."

Tomonori akapiga magoti, paji la uso likagusa mkeka. "Niliifuta. Miaka ishirini na saba nimenyamaza. Naona haya, Kinue. Hata kukutazama siwezi."

Mama yao, bibi wa miaka tisini, ndiye aliyejibu. "Inuka, mwanangu. Sadayo alijua. Alinililia mimi. Akanikataza kukwambia, akasema, 'Mama, Tomo ataona haya.'"

Tomonori hakuinuka. Alilia palepale, mbele ya wageni.

Poleni sana, mama Iwakiri na Kinue. Nasi tuliobaki, mtu akitwambia "nakuachia wewe", tumuulize tena, angali hai na aweza kutujibu.

Tomonori Uesaka ameniomba nisimfiche jina. Nimelitaja.