Mzee Evarist na Majina Mia Moja Themanini na Sita

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mzee Evarist Nnunduma wa chumba cha kumbukumbu anastaafu tarehe 30 Juni 2025. Alianza mwaka 1994 kama mpiga chapa katika kituo cha afya huko Ruangwa, akahamia hospitali yetu hapa Nachingwea mwaka 2003, taipureta kaipakata ndani ya basi kama mtoto. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, ni yeye peke yake aliyesoma kitabu cha maelekezo hadi mwisho.

Kibao chake cha misumari pale mlangoni tunakijua wote. Flashi yoyote iliyoleta ripoti, iwe ya Nanganga au ya Chinongwe, ilitundikwa hapo kwanza, ikasubiri kukaguliwa. Hata ya daktari mfawidhi iliwahi kukaa msumarini siku mbili. Tukamwita Afisa Uhamiaji, wala hakujali.

Mwaka 2016 kompyuta ya kliniki ya kifafa ilipata kirusi. Ndani yake kulikuwa na orodha ya wagonjwa 186, dozi zao na vijiji vyao, na keshokutwa yake huduma ya mkoba, ya kuwapelekea wagonjwa dawa vijijini, ilikuwa inakwenda Chinongwe na Matambarale. Mgonjwa wa kifafa akikosa dawa huanguka tena, na kule watu wanapikia kwenye mafiga, moto uko wazi.

Mtu mmoja mwenye kiherehere akaamua kuitibu mashine kabla Mzee hajafika. Akawasha programu ya kuondoa virusi, ikamwonyesha mafaili yaliyoathirika, akabonyeza "futa vyote". Programu ikaandika kwamba kompyuta ni salama. Kweli ilikuwa salama, ila orodha haikuwepo.

Mzee hakugomba. Alivua koti, akachomoa waya wa mtandao, akatueleza taratibu. Programu ile kazi yake ni kuondoa kirusi. Faili lipi lina thamani, haijui. Kirusi kipya isichokifahamu hukipita bila kukiona, ndiyo maana lazima isasishwe, na mashine iliyosafishwa mara moja ikaguliwe tena. Kisha akafungua karantini, mahali programu inapofungia ilivyovikamata kabla ya kuvifuta kabisa. Orodha ilikuwa humo! Akaihamishia kwenye kompyuta kuukuu isiyounganishwa na nyingine, akanakili maandishi matupu kwenye faili jipya.

Bado hakuridhika. Alimketisha muuguzi wa kliniki, Tabitha, wakasoma jina moja moja kwa sauti. Mistari mitatu ya mwisho ilikuwa imevurugika, haisomeki. Tabitha akakumbuka kwamba wiki ile waliandikisha wagonjwa wapya watatu wa Matambarale, na kadi wanakaa nazo nyumbani. Kesho yake Mzee akapanda pikipiki hadi Matambarale, akaulizia nyumba hadi nyumba, akanakili kadi zote tatu. Mkoba ulipoondoka, majina yalikuwa 186.

Daktari mfawidhi alipotaka kujua nani kaharibu, Mzee alijibu neno moja tu: "Kirusi." Akaendelea na chai yake.

Miaka tisa hajamtaja mtu, basi acha nimtaje mimi. Flashi iliyoleta kirusi ilikuwa yangu, ina nyimbo za sendofu ya mdogo wangu, na niliipitisha bila kuitundika. Kidole kilichobonyeza ni changu pia. Mzee alijua tangu asubuhi ile, maana kwa kiwewe niliisahau flashi kwenye mashine. Jioni niliikuta msumarini, imesafishwa, nyimbo zote zimo. Naona aibu hadi leo.

Mzee Evarist, unarudi Nanganga kwenye ufuta na mikorosho yako. Asante kwa kazi, na asante kwa kuninyamazia. Sisi wenzako tunakuombea afya njema, mavuno ya kutosha na mapumziko yasiyo na simu zetu za kuomba msaada. Kibao umeniachia mimi. Leo asubuhi, kabla sijachapa wasifu huu, nimeitundika flashi yangu nikasubiri zamu.

Hadija Mbaruku
Chumba cha Kumbukumbu