Mwalimu Kucha na Mti Ulionyamaza

Wasikilizaji wapendwa, karibuni katika nusu saa yetu ya kuwakumbuka waliotutangulia. Vuta kiti. Kama una chungu jikoni, punguza moto, uje usikilize.

Leo tunamkumbuka mwalimu wa shule ya msingi. Wanafunzi walimwita Mwalimu Kucha. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na darasa la nne, na likamganda hadi kaburini. Mwalimu Kucha amefariki dunia akiwa peke yake nyumbani kwake. Narudia: akiwa peke yake. Mtaniwia radhi, hilo sitaweza kulisema mara moja tu.

Kwa nini Kucha? Nyuma ya darasa la nne kulikuwa na mti wa maua mekundu. Kila kiangazi mti ule ulipukutisha majani yote, ukabaki fito tupu. Hapo ndipo Mwalimu alipowatoa watoto nje, akawapanga, akauliza, "Je, huu mti umekufa?"

"Umekufaaa!" Darasa zima.

"Nani kauona ukifa?"

Basi Mwalimu alikwaruza gome kidogo kwa ukucha wa kidole gumba. Chini yake palikuwa pabichi. "Haujafa," akawaambia. "Umenyamaza. Jua kali, maji hakuna, majani ya nini sasa? Umeyaachia, unangoja mvua. Kunyamaza si kufa." Kisha kila mtoto alikwaruza mahali pake, ajionee mwenyewe. Mvua zikianza walirudi pale pale kutazama machipukizi, kisha majani, kisha maua. Hilo ndilo lilikuwa somo lake la misimu. Kitabu kilikuwepo, ila kilikaa kabatini.

Hata sisi hapa redioni alitupiga darasa. Mwenzetu wa taarifa za hali ya hewa alisema hewani kwamba miti mjini imekufa kwa ukame. Hajamaliza, simu ikalia. "Mtangazaji, hiyo miti umeikwaruza?" Hapana, Mwalimu. "Basi usizike asiyekufa." Akakata. Mwenzetu huyo hadi leo akipita penye mti mkavu anaangalia pembeni.

Lakini wasikilizaji wapendwa, mti ule wa shule ulikufa kweli. Sikilizeni ulivyokufa. Mwaka hadi mwaka kila darasa la nne lilikwaruza. Na watoto ni watoto. Ukucha ukishindwa walichukua rula. Rula ikivunjika walichukua kizibo cha soda. Wadogo zao, waliosikia habari nyumbani, hawakungoja kufika darasa la nne. Makovu yakakutana. Gome likachunika kuuzunguka mti mzima, kwenye kimo cha mtoto, na mti uliochunwa hivyo mizizi yake hulala njaa. Mvua zikaja. Miti mingine ikachipua. Wa Mwalimu haukuchipua.

Mwalimu alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, ambaye ni muuguzi katika mji mwingine. Anakumbuka. "Mama alirudi nyumbani akakaa bila kuvua viatu. Akasema, tumeuua kwa kuuliza kila siku kama u hai."

Kiangazi kilichofuata mumewe, fundi seremala, akafariki. Mwalimu akabaki na nyumba ya vyumba viwili, yenye viti vingi kuliko watu. Binti akawa anapiga simu asubuhi, mchana, jioni. Mama umekula? Mama umelala? Mama dawa? Sasa, Mwalimu alikuwa mtu ambaye somo likimwingia halitoki. Siku moja akamwambia, "Mwanangu, usinikwaruze kila siku. Sijafa mimi. Nimepukutisha tu."

Binti akatii. Mama kasema, mtoto kasikia, utamlaumu nani? Simu zikawa za kila wiki. Kisha za kila mwezi. Kisha za sikukuu.

Hapo ndipo ninapoumia, wasikilizaji. Mwalimu hakutaka kuachwa. Alitaka tu asiwe mzigo. Ni mambo mawili mbalimbali, lakini kwenye simu yanatoka kwa sauti ile ile.

Jirani yake, wanayegawana naye ukuta, ni mama mshonaji. Anasimulia: "Alipostaafu nikawa namsikia anaongea. 'Je, huu mti umekufa?' Halafu ananyamaza, kama anangoja kujibiwa. Nikasema moyoni, leo Mwalimu ana wageni, nisiwaingilie. Siku hiyo nikaishiwa kiberiti, nikapiga hodi. Hamna mtu! Ana mche wake wa mti kama ule wa shule kwenye ndoo, anavifundisha viti."

Nikamuuliza, ukafanya nini?

"Nikakaa. Nikajibu, umekufa. Jamani, alicheka! Akaniambia, wewe shoga yangu rudi darasa la tatu. Nikamwahidi nitarudi kesho."

Kesho yake ikaingia kazi ya sare za shule. Cherehani ikalia wiki nzima. "Nikawa simsikii tena," anasema mama mshonaji. "Nikadhani ni kelele za cherehani." Sare zilipokwisha, akazima mashine, akasikiliza ukuta. Kimya. Akapiga hodi, hodi, hodi. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, ameielekea ndoo.

Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga. Siku ya maziko walikuja wanafunzi wake wa miaka yote, wengine na mvi zao. Walijaa uani, wakajaa hadi barabarani. Vile viti vya marehemu seremala, vilivyokuwa darasa lake la mwisho, siku hiyo havikutosha. Mwenye darasa hakuwepo kuwaona.

Nilimwuliza binti yake angependa niseme nini hewani. "Sema alinifundisha kwamba kunyamaza si kufa," akaniambia. "Nami nikamwamini mno."

Ule mche ameuchukua yeye. Ni kiangazi, hauna hata jani moja. Nikamwuliza kama ameukwaruza. "Bado," akasema. "Naogopa."

Kwa binti wa marehemu, kwa mama mshonaji, kwa walimu wenzake na kwa kila aliyewahi kusimama chini ya mti ule na kupiga kelele "umekufaaa", poleni sana. Poleni kutoka kwetu sote hapa studio. Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema.

Na wewe unayenisikiliza. Kuna mtu aliyenyamaza. Unamjua. Amekujia akilini tangu nilipoanza kusema. Alikuambia yuko sawa, usihangaike, nawe ukapokea jibu kwa sababu lilikuwa jepesi. Sikuambii umchune. Mkwaruze kidogo tu. Uliza swali moja, kisha ungoje jibu la pili.

Kwa kawaida hapa ninaweka wimbo wa kufungia. Leo siweki. Dakika zilizobaki ni zako na simu yako.

Zima redio, ndugu yangu. Mpigie.