Gita Bichi la Fundi Chome

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo nyote, kuanzia Likoni mpaka Vanga, nanyi mlio juu huko kwenye nchi kavu ya Kinango. Ni mimi, Matano Boga. Mtanisamehe, leo sikai vizuri kwenye kiti. Kaingu, fundi wetu wa mitambo, ameshaniashiria mara mbili kutoka nyuma ya kioo kwamba nitulie, maana kiti kinalia na ninyi mnakisikia. Nitajaribu. Lakini ninayemkumbuka leo ni mtu asiyejua kutulia, na nadhani kaniambukiza.

Tumempoteza Fundi Abdurahman Chome wa Mwabungo. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio: Fundi Abdurahman Chome, wa Mwabungo, amefariki dunia. Alifariki Jumatatu ya wiki iliyopita katika hospitali ya Msambweni, kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Alikuwa fundi baiskeli. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Mapenzi yake yalikuwa kuunda magita ya umeme.

Magita ya umeme, Mwabungo, mahali ambapo hakuna hata taa moja ya umeme! Najua mnacheka. Mimi pia nilicheka, nilipopata barua kutoka kwa mkewe, Bi Mwanapili. Ilikuwa mwaka elfu moja mia tisa hamsini na tano. Barua yenyewe ninayo hapa: "Bwana mtangazaji, asalaam alaikum. Kila unapoanza kusema, mume wangu hukunyamazisha. Huchomeka gita lake nyuma ya redio yetu ya betri, pale pa kuchomekea gramafoni, na wewe ukapotea. Tafadhali mwambie aniachie redio yangu."

Nikaisoma barua hiyo hewani. Nikamkemea huyo bwana kwa jina lake. Naye hakusikia neno, kwa kuwa wakati huohuo alikuwa amenichomoa! Majirani ndio waliomkimbilia kumwambia kwamba anatukanwa redioni.

Siku tatu baadaye alisimama mlangoni kwetu, mwembamba, vidole vyeusi kwa grisi, gita mgongoni. Nilidhani amekuja kugombana. Hakutaja barua hata kidogo. Alinisalimia vizuri, kisha akaniuliza kama maikrofoni yetu ina sumaku ndani, na kama angeweza kuifungua aone. Kaingu alimtoa mkuku.

Nieleze kazi yake, kwa maana wengi hawakuiona. Sumaku za kunasa mlio wa nyuzi alizitoa katika dinamo mbovu za baiskeli. Nyuzi alizitengeneza kwa waya wa breki. Vile vyuma vidogo vya shingoni, vinavyogawa sauti, alivikata kutoka spoki. Na ule waya wa shaba mwembamba, wa kuzungushia sumaku, aliuviringisha kwa baiskeli iliyopinduliwa miguu juu. Mkono mmoja kwenye pedeli, mkono mwingine umeshika waya. Mizunguko elfu tano. Alihesabu kwa tasbihi ya mkewe, kila punje mizunguko mia moja.

"Mtu akinisalimia hapo," aliniambia, "namchukia mpaka kesho."

Fundi mzuri, wasikilizaji wapendwa. Ila alikuwa na ugonjwa wake. Hakuweza kuacha kitu kikaitwa kimekwisha. Rafiki yake Fondo, mpiga gita wa Tiwi, alipewa gita na Chome mara nne, na mara nne Chome alikwenda kulichukua tena. "Anakuja kunijulia hali," Fondo aliniambia. "Hata maji hajanywa, bisibisi iko mkononi. Ikafika siku nikisikia sauti yake uani, nalificha gita chini ya kitanda na kusema limeazimwa."

Sasa sikilizeni habari ya gita moja, kwa sababu ndilo lililonikalia kifuani.

Baba yake Chome, Mzee Dzombo, yuko Samburu, huko upande wa Kinango. Yu hai, anafuga mbuzi, na mguu wake haumruhusu kusafiri. Mwaka wa hamsini na sita Chome alikwenda kumwamkia, akauona mlango wa ghala la mahindi. Mbao za mvule, zimekauka miaka thelathini. Akauomba. Mzee akampa, kwa sharti moja: ukiwa chombo cha kuimba, na yeye ausikie. Kwa kuwa Mzee Dzombo hawezi kuja Mwabungo, ilibaki njia moja tu. Redio.

Nikampa Chome nafasi katika kipindi hiki. Alikuja, nakubali, alikuja mapema. Akaketi kwenye ukumbi akijaribu nyuzi, akaona uzi wa tatu una sauti ndogo kuliko wenzake, akafungua gita lote pale sakafuni. Muda ukapita. Nikampa nafasi ya pili. Safari hiyo hakutokea kabisa, maana ubao wa nchi kavu ulipofika pwani ulikunywa unyevu na shingo ikapinda. Nikaweka santuri.

Ya tatu ilikuwa mwaka jana, katikati ya masika. Chome alikuwa amepaka vanishi mpya asubuhi ileile. Kwa nini asubuhi ileile? Kwa sababu usiku aliikwangua ya zamani kwa msasa, hakuipenda. Mkewe alimwambia aingoje ikauke. Angoje wapi! Akalifunga gita kwa leso ya Bi Mwanapili, akapanda basi, akavuka feri, akafika hapa na dakika ishirini mkononi. Akaifungua leso. Leso haikutoka. Alipoivuta, maua yote ya leso yakabaki yamejichapa kwenye tumbo la gita.

Fondo alikuwa naye, tayari kupiga. Gita lililia vizuri, mimi mwenyewe nililisikia. Lakini Chome akasema halipigwi.

"Chome," nikamwambia, "hii ni redio. Nani atayaona maua?"

"Mimi nayaona," akasema.

"Baba yako anangoja!"

"Baba hakunipa mlango wake niutie madoa."

Wasikilizaji wapendwa, nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mwenyeji hamwambii mgeni. Nilimwambia asirudi tena. Alilifunga gita lake, akatoka nje kwenye mvua bila kuaga, naye alikuwa mtu wa adabu sana. Nimeikumbuka sana siku ile wiki hii, usingizi haunijii.

Jumapili nilipanda Samburu kumpa pole Mzee Dzombo. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia vizuri, akanipa kigoda. Kisha akanionyesha ghala lake. Mahali pa mlango pametundikwa gunia mpaka leo, na mbuzi wanapita watakavyo.

"Mara tatu nimekaa dukani kwa Nzai, kwenye redio yake," akaniambia. "Mara tatu nimewaambia watu nyamazeni, mwanangu anakuja. Nikasikia watu wengine wakiimba. Sasa wewe umeniletea pole, nami naipokea. Lakini mlango wangu je? Nife sijausikia?"

Nilishika kofia yangu tu.

Lakini kuna jambo ambalo sikumwambia, na namwambia leo, yeye na ninyi nyote. Mwezi uliopita Chome aliniandikia. Aliomba radhi. Alisema amepaka upya, mara hii ni kweli, na anaomba nafasi moja ya mwisho. Nafasi nilikuwa nayo. Nilimjibu kwa mistari miwili: nafasi zimejaa, ukimaliza kuchezea gita lako tutaonana mwakani. Niliona nimemtia adabu.

Nilipokwenda Mwabungo matangani, barua hiyo ndiyo niliyoiogopa. Nilimwuliza Bi Mwanapili kama ilifika.

"Ilifika," akasema. "Siku ya pili tangu alazwe. Niliisoma nje, barazani pa hospitali."

"Ukamsomea?"

Alinitazama. "Bwana Matano, nimsomee mgonjwa maneno yale? Nilirudi ndani nikamwambia, Baba Mbeyu, bwana amekubali. Amekupa Alhamisi, baada ya wiki mbili. Fondo atapiga."

"Akasemaje?"

"Aliuliza kama vanishi imekauka. Nikamwambia sijui, mimi niko hapa na wewe. Akataka kushuka kitandani aende Mwabungo akaiguse. Nikamshika. Kila siku akaniuliza hivyohivyo, vanishi imekauka? Siku tisa alilala pale, na siku zote tisa gita lilikuwa limetundikwa nyumbani, hakuna aliyeligusa. Tangu mlango ule uje kwetu lilikuwa halijapata kuachwa siku tisa."

Akaingia chumbani, akalitoa. Lilikuwa limekauka, wasikilizaji wapendwa. Nilipitisha kiganja juu yake, halikunata. Rangi yake ni ile ya chai ya rangi iliyokolea, na hakuna ua hata moja.

"Mimi nilimdanganya," Bi Mwanapili akaniambia. "Sikupata kumdanganya kabla ya hapo. Sasa sijui nitalala vipi."

Basi. Kwa Bi Mwanapili na binti yake Mbeyu, kwa Mzee Dzombo na jamaa wote wa Mwabungo na Samburu, natoa rambirambi zangu, za Kaingu na za kituo chote. Mwenyezi Mungu amrehemu Fundi Abdurahman Chome, amsamehe, na awape subira. Na mimi namwomba radhi, kwa kuchelewa.

Nanyi mnaonisikiliza, fikirini kidogo. Huenda hapo nyumbani kwenu yuko mtu anayepangua na kupanga, na ninyi mmemchoka. Msimwandikie mistari miwili kama mimi. Mwambieni akilete kitu chake kama kilivyo, na mkae kumsikiliza.

Bi Mwanapili, hukumdanganya mumeo. Alhamisi uliyomwambia ndiyo hii leo. Fondo ameketi hapa mbele yangu, gita analo pajani, na waya umechomekwa. Nzai wa dukani, kama unanisikia, ongeza sauti na umsogezee mzee kiti. Mzee Dzombo, shikamoo. Mwanao amefika.

Piga, Fondo.