Joachim Shemweta, Fundi wa Platini (1958–2025)

Ndugu yetu Joachim Shemweta, tunayemuaga leo hapa Guangzhou kabla hajaianza safari ya kurudi kwao, alizaliwa Ijumaa, tarehe 14 Machi 1958, Korogwe mkoani Tanga, mtoto wa nne kati ya sita wa marehemu Mzee Petro na Mama Melania. Mama alikuwa akisema mtoto huyu hakulia alipotoka. Alikohoa tu mara mbili, kama gari la asubuhi, halafu akatulia.

Alisoma shule ya msingi Korogwe, 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba na hakuchaguliwa kuendelea. Mwaka 1973 alikwenda Tanga mjini kujifunza ufundi kwa Fundi Abdulsalam, aliyekuwa akitengeneza magari ya mashamba ya mkonge. Huko gereji ndiko alikolikuta gari la Kimarekani la mwaka 1969, milango miwili, injini ya silinda nane, lililoachwa na meneja mmoja aliyerudi kwao. Mngurumo wake ulisikika kabla halijakata kona. Mwaka 1984 Fundi Abdulsalam alimkabidhi funguo.

"Joachim, macho yangu yamekwisha. Chukua. Ila usiliache linyamaze."

Akaahidi.

Kwa wasiojua, gari lile liliwashwa kwa platini, yaani vyuma viwili vidogo ndani ya distributa, vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate cheche. Vinalika, kwa hiyo lazima vipigwe msasa na kupimwa. Marehemu alipima nafasi iliyo kati ya vyuma hivyo kwa kipande cha boksi la kiberiti. Kikiingia kwa kubana kidogo, basi, funga.

Alifunga ndoa na Anastazia tarehe 28 Novemba 1987. Gari lilizimika wakiwa njiani kwenda kanisani. Bwana harusi akavua koti, na bibi harusi akashuka na gauni lake kumshikia kifuniko cha distributa. Walipofika, shangazi akamwuliza, "We Anastazia, grisi hiyo kwenye glovu ya nini?" Akajibu, "Ndoa imeshaanza, shangazi." Walijaliwa watoto wawili, Herieth na Robert.

Mwaka 2007 marehemu alikuja Guangzhou kufanya biashara ya vipuri. Alikuwa na chumba kimoja cha ofisi hapo barabara ya Huanshi Zhonglu, na mzigo wake uliondokea bandari ya Nansha. Kila alipopata nafasi alizunguka masoko akiulizia platini za gari lake, na kila duka lilimjibu "mei you", hakuna. Hakukasirika. Alirudi tena wiki iliyofuata, akauliza tena, mpaka mama mmoja muuza vipuri akachoka naye, akapanda ngazi, akamshushia boksi lenye vumbi lenye seti kumi na mbili. Siku hiyo alitulisha wote.

Herieth alimfuata mwaka 2014, akaanza kuuza mifumo ya kuwasha ya elektroniki, ile isiyo na platini kabisa. Wawili hao walibishana miaka tisa.

"Baba, unafunga, unasahau. Cheche kali, hakuna msasa, hakuna kiberiti."

"Hapo kwenye kusahau ndipo penye shida, mwanangu. Platini ikitaka kufa inaaga. Gari linakohoa, linakuwa zito, unasimama, unasugua, unafika. Hicho kidude chako kikifa kimekufa. Hata kwaheri hakuna."

"Haya. Na wewe ukitangulia, nani atasugua?"

Marehemu akanyanyuka kwenda kuchemsha chai.

Mwezi Agosti 2023 madaktari walimkuta figo zake zimechoka, na akaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki. Safari ya nyumbani ikawa haiwezekani tena. Gari lilikuwa Korogwe kwa Robert, ambaye mikono yake ni ya useremala, na mwaka jana lilikuwa limenyamaza miezi minne. Jambo hilo lilimuuma marehemu kuliko sindano. Siku moja ya Novemba akamwita Herieth kitandani. "Tuma kidude chako. Bora kidude kuliko kimya."

Kilipofika, Robert alikifunga, gari likawaka lakini likawa linakwamakwama. Marehemu akaomba simu isogezwe kwenye injini, akafumba macho kusikiliza. "Robert, umeme haumtoshi huyo kidude. Umemfunga kwenye waya wa zamani, ule unaopunguza umeme. Hiyo ilikuwa dawa ya platini zisiungue. Mvutie waya mpya kutoka kwenye swichi." Baada ya nusu saa injini ikanguruma mpaka simu ikatetemeka mkononi. Herieth alikuwa analia. Baba yake akamwambia, "Kinawasha vizuri, mama. Nilikuwa mbishi tu."

Alitutoka Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa ameshika mkono wa mkewe, aliyekuja huku kumuuguza. Alikuwa ameshamuaga kila mmoja wetu kwa zamu yake, wiki mbili nzima.

Juzi Herieth alimpigia kaka yake simu. Robert amekitoa kile kifaa na kurudisha platini kwa safari moja tu, akipima kwa kipande cha boksi la kiberiti huku dada yake akimwelekeza. Gari hilo ndilo litakalotangulia mbele ya jeneza, kutoka Korogwe mjini hadi makaburini. Likizimika njiani, tutasimama, tutasugua, tutaendelea. Marehemu hakuwa mtu wa haraka.

Ameacha mjane, Anastazia, watoto, Herieth na Robert, wajukuu watatu, dada wawili, na kaka yake Kasmir, anayesoma maneno haya.

Mungu amlaze kwa amani fundi wetu. Gari halijanyamaza.