Njegere za Mdogo Wangu

Zimeni hiyo redio, wanangu, msogeze viti karibu na kitanda, na wewe kitinda mimba acha kunikanda miguu, imeshakufa ganzi. Nishike mkono tu unisikilize. Pumzi niliyobaki nayo si ya kuchezea, kwa hiyo mtu asinikatize, hata kaka yako ambaye tangu azaliwe hajawahi kuiacha sentensi ya mtu ikafika mwisho.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, na msije mkaigawa kwa ukuta. Cherehani ni ya binti. Gereji umeijenga mwenyewe, mwanangu, mimi sina changu humo. Lakini shamba la bondeni, lile mnalojisifia kwamba mama alilinunua kwa jasho lake, halimo katika urithi wenu. Ni la mama yenu mdogo, na leo nawaambia lilivyofika mikononi mwangu.

Miaka ishirini na tisa nilikaa ghorofa ya tatu wizarani, dawati la pili kutoka dirishani, nikiandika chakula cha nchi nzima: kilichovunwa, kilichoingia kutoka nje, kilichotoka, na kilichobaki kwa wananchi kula. Wenzangu walipewa mahindi na ngano, vitu vya wakubwa. Mimi nikapewa njegere. Nilipoanza zilikuwa kidogo tu, mstari mmoja chini kabisa ya ukurasa ambao hakuna mkubwa aliyeusoma. Mwaka hadi mwaka tarakimu ikapanda, na aliyekuwa anaipandisha, wanangu, ni mdogo wangu.

Yeye shule ilimshinda darasa la sita. Mimi ndiye niliyesomeshwa, mimi ndiye mwenye viatu vya kisigino na kalamu mbili mfukoni, nikadhani mambo yamekwisha hapo. Kumbe mwenzangu alianza na robo eka ya njegere, akawavuta majirani, wakajenga ghala, na mwishowe bonde zima likawa linapanda siku anayopanda yeye na kuvuna siku anayovuna yeye. Bibi yenu nyumba yake niliiezeka mimi, godoro nilinunua mimi, dawa za macho nilileta mimi, lakini mgeni akiingia, anapapasa chini ya kiti, anatoa kikapu: "Onja njegere za mwanangu." Za mwanangu! Kana kwamba mimi niliokotwa. Nilikaa pale na tabasamu la kubandika, roho inachoma kama imetiwa pilipili. Kisha Jumatatu narudi kazini, na ni mkono wangu huuhuu unaomwandikia sifa zake kwenye kitabu cha serikali.

Halafu mama akahamia kwake. Hakuniuliza. Alisema tu, "Kwa mdogo wako kuna watu, kuna kelele, nitachangamka." Mwezi uleule zikafika fomu za bonde, na mavuno kama yale hayakuwahi kuonekana, karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia. Nilizisoma nikiwa nimesimama. Nikazikunja, nikazitia droo ya chini, nikafunga kwa ufunguo. Mkuu wangu alipopita akauliza, "Bonde vipi mwaka huu?" Nikamjibu bila kupepesa macho, "Ukungu umewapiga, mzee. Hawana kitu." Akaniamini, maana sikuwahi kukosea. Nikajaza tarakimu niliyoitunga mwenyewe.

Sikutaka maangamizi. Nilitaka mwaka mmoja tu asitajwe. Lakini kitabu kikasema nchi imepungukiwa njegere, wakubwa wakaingiwa na hofu, wakafungua milango, na njegere kavu za nje zikamiminika kwa malori, bei ya kutupa. Wafanyabiashara hawakukanyaga bondeni. Ghala la mdogo wangu likajaa hadi mlangoni, wadudu wakala walivyopenda. Nilipokwenda kumpa pole nilikuta sakafu imefunikwa unga mwepesi wa njegere, kila nilipopita nikaacha nyayo. Msimu uliofuata watu hawakupanda tena njegere, walipanda miti ya mbao. Vitabu vya wizara viko kwenye sanduku la bati, tazameni wenyewe: kilichovunwa kinashuka, kilichoingia kinapanda, mpaka mwaka niliostaafu. Wasomi wamekuja ofisini kwetu kuuliza nini kilitokea, wakaandika ukame, wakaandika mbegu, nami niliwapikia chai. Hakukuwa na ukame. Kulikuwa na mimi na wivu wangu.

Yeye, ili watoto wake wasitolewe shule, akauza shamba. Nikalinunua. Alinishika mikono yote miwili akasema, "Dada, Mungu akubariki, afadhali limebaki nyumbani." Na mimi nikaitikia amina. Hiyo amina, wanangu, inanikaba sasa kuliko huu ugonjwa.

Nipeni maji. Kidogo. Basi.

Juzi mlipotuacha peke yetu humu ndani, nilimwambia yote. Nilitegemea apige kelele, anitukane, walau aondoke. Alikuwa ananimenyea chungwa, hakuacha kumenya. Akasema, "Nilijua, dada. Bwana shamba alizipeleka fomu kwa mkono wake, akakuwekea mezani. Nilikuwa nangoja uniambie." Nikamuuliza mbona umenyamaza miaka yote hii. "Mama alikuwa hai," akasema, "ningemweleza nini?" Akanilisha chungwa kipande kwa kipande. Mnadhani nilifurahi? Nililia kwa wivu. Hata katika kunyamaza amenizidi, na mtu aliyekusamehe kabla hujaomba hakuachii hata nafasi ya kupiga magoti.

Sasa shikeni maneno. Wewe mkubwa, hati ya shamba iko chini ya vile vitabu. Kesho asubuhi mpakie mama yako mdogo kwenye gari, mwende kwa wakili, libadilishwe jina. Akikataa, bembeleza. Binti, andika barua wizarani, utaje mwaka ule na utaje jina langu, useme tarakimu ya bonde ilikuwa ya uongo, hata kama watacheka. Na nyinyi wawili, mmoja akimzidi mwenzake, aliyezidiwa aseme kwa mdomo wake, "Naona wivu," aseme mezani, watu wakila, aone aibu, kisha aibu ipite. Mimi sikusema hata siku moja.

Mungu awape mikono isiyochoka, awape usingizi, awape... Sogea, binti, sauti haitoki. Mama yenu mdogo atawashika vizuri, najua. Atawapikia, atalia nanyi, na siku moja ulimi utateleza mtamwita mama, bila hilo la mdogo. Mwiteni. Anastahili. Ila ngojeni... ngojeni kwanza nifumbe macho.